Aliyeikana Chupa

Mama yangu, Afua Dufie, hakusamehe. Nalitanguliza hilo ili usije ukasoma mpaka mwisho ukingoja watu wakumbatiane. Aliosha na kuvika wafu wa Bremankrom kwa zaidi ya miaka hamsini, na wanaomkumbuka humkumbuka kwa upole wa mikono yake. Mikono ilikuwa mipole kweli. Moyo ulikuwa shauri jingine.

Nyumba yetu ya mazishi ilianza na mbao chache na kitanda kimoja cha shaba. Baba, Kwadwo Tweneboah, alikuwa seremala wa meza za shule, na mara mojamoja jeneza. Mama, ambaye bibi yake alimfundisha kuosha maiti tangu akiwa msichana, ndiye aliyemwambia mwaka wa kwanza wa ndoa, "Meza moja inakaa miaka thelathini. Watu wanakufa kila wiki. Wewe randa, mimi nitaosha." Kitanda cha shaba cha kulazia maiti mbele ya waombolezaji walikitoa Kumasi juu ya lori la kakao, na Mama alikaa juu yake safari nzima kisije kikakwaruzwa. Nilipoanza kupata akili, mimi mtoto wao wa pekee, tayari kulikuwa na vitanda vinne, mapazia ya lesi, gari jeusi la maiti, na kibao chekundu juu ya lango: TWENEBOAH NA MKEWE. Mke kuandikwa kwenye kibao! Wanaume waliokuwa wakipita walimtania Baba, "Tweneboah, na kaptura unavaa wewe au yeye?" Baba alijibu kwamba wanavaa kwa zamu.

Ufundi mmoja wa Mama haukuwa na mwenzake katika wilaya nzima, nao ni kukalisha maiti. Wakubwa wa kwetu hawalazwi kitandani siku ya kuagwa. Hukalishwa kitini, kente, ile nguo ya fahari ya kufumwa, begani, dhahabu mikononi, kidevu juu, wakipokea wageni. Kwa wengine maiti huinama kama mlevi, au huteleza mchana kweupe watu wakakimbia. Wa Mama walikaa wima mpaka ungetaka kuwaamkia. Alijua saa ya kuanza, taulo za moto ziwekwe wapi, na ubao wa kushikilia mgongo upite wapi chini ya nguo. Hakumfundisha mtu ila mimi, na mimi mwenyewe alinificha mengi mpaka nilipofika miaka thelathini.

Jambo la pili lilikuwa maji. Kwetu anayekata roho hupewa maji, maana njia ya kwenda kwa wafu ni mlima, na mlima haupandwi na koo kavu. Lakini wengi hufa bila mtu wa kuwapa. Hao Mama aliwapa mwenyewe. Akimaliza kuosha, alichukua kikombe chake cha bati cha rangi ya buluu, akachovya kidole, akadondosha matone matatu midomoni mwa maiti. "Haya, maji yako haya. Panda polepole." Hata mwizi aliyeuawa na umati sokoni alipewa. Nilikuwa na miaka kumi, nikamuuliza kwa nini anamhurumia mwizi.

"Nani kasema namhurumia?" alijibu. "Namnywesha. Ni vitu viwili, Birago."

Mwaka wa 1977 Baba alianza kukohoa. Alijua mila inasemaje: mwanamume akifa, mali yake haiendi kwa mke wala kwa watoto, inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Dada huyo alikuwa shangazi yangu Pomaa, na mtoto wake ni Yaw Bediako, kijana wa suruali zilizopigwa pasi na mikono isiyowahi kushika randa. Lakini mwanamume akiwa hai anaruhusiwa kumpa mali yake amtakaye, mradi atamke mbele ya mashahidi, na anayepewa atoe chupa ya kushukuru. Wakishainywa, neno limekaa. Bila chupa hakuna zawadi.

Basi Baba akawaita wazee wawili wa ukoo wake, na Pomaa. Akasema, akisimama kila mara apate pumzi, kwamba nyumba ya mazishi, gari na vyote vilivyomo ni vya Afua Dufie. Mama akaleta chupa ya kijani ya pombe kali ya Kizungu, ile ambayo kwetu hakuna shauri linaloanza bila yake. Mimi ndiye niliyebeba sinia. Wazee walikunywa mojamoja. Shangazi Pomaa alikunywa, akapangusa midomo, akanyoosha glasi tena.

"Kaka yangu hagawi mali kila siku," alisema akicheka. "Mimina, mwanangu, usinipimie kama dawa."

Nikammiminia. Nayaandika haya kwa mkono uleule uliommiminia.

Baba alifariki miaka miwili baadaye. Mzee mmoja alikuwa ameshatangulia, wa pili alimfuata mwanawe Abijani na hakuna aliyejua anakaa mtaa gani. Shahidi aliyebaki alikuwa Pomaa peke yake. Mimi sikuhesabiwa, kwa sababu nilikuwa mtoto na wa upande wa mama.

Siku arobaini zilipopita, Bediako alikuja. Kwetu mpwa humwita mke wa mjomba wake "mke wangu". Ni utani tu, kwa kuwa huenda siku moja akamrithi pamoja na vyombo. Bediako alikuwa akimwita Mama hivyo tangu yuko na kamasi, na Mama alikuwa akimpa andazi aondoke. Siku ile alikalia kiti cha Baba bila kukaribishwa.

"Mke wangu," alisema, "pole na msiba. Sasa tupange maisha. Nyumba ni yangu, gari ni langu, na mimi si mtu wa kukutupa. Utabaki humu humu. Chumba kile kile."

"Kitanda kile kile?" Mama aliuliza.

"Ndiyo mila."

"Yaw, mimi nilikupangusa kamasi. Nilikuvua suruali ulipojikojolea kanisani, siku ya ubarikio wako. Leo unataka kunivua mimi?"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, na nadhani kicheko changu kilituponza zaidi ya maneno ya Mama. Bediako alisimama, akasema kwa sauti ndogo, "Basi utatoka na ulichoingia nacho."

Shauri likapelekwa kwa wazee wa ukoo. Mama alieleza habari ya zawadi, mashahidi na chupa. Mkuu wa ukoo akamgeukia shangazi yangu. "Pomaa, ulikuwepo. Uliiona chupa?"

Shangazi alijifunga nguo yake vizuri kifuani. Hakututazama. Alimtazama mwanawe, kisha akasema, "Chupa gani? Mimi sikuona chupa."

Ilikwisha hapo. Tulipewa mpaka Jumamosi. Mama aliondoka na sanduku la nguo, kikombe cha bati, na mimi. Tulipofika njia panda tuligeuka, tukamwona fundi wa rangi amepanda ngazi langoni. Alikuwa akifuta NA MKEWE. Mama alisimama pale akatazama mpaka herufi ya mwisho ilipokwisha, watu wakipita na mizigo yao na kutusalimu kwa aibu. Kisha akaniambia tuendelee, jua limekuwa kali.

Kuna sheria ilitoka miaka sita baadaye ya kuwalinda wajane na watoto. Nimewahi kusikia ikisifiwa redioni. Sisi tulikuwa tumeshatupwa, na sheria haikurudi nyuma kututafuta.

Tulihamia chumba cha uani kwa mjomba wangu, nyuma ya soko. Mama aliosha maiti majumbani mwao, akitembea na ndoo. Baadaye alikusanya vijana sita warefu wa kimo kimoja, akawafundisha kubeba jeneza, mkubwa wao pacha aitwaye Ata, mtu wa maneno machache na mabega kama mlango. Waliitwa watu wa Dufie, na familia zilipanga siku ya mazishi kwa kuangalia kama watu wa Dufie wana nafasi. Na Bediako? Aliweka chumba cha barafu ambacho kilikufa kabla ya wateja wake. Safari moja aliwakabidhi watu babu wa familia nyingine, wakamlilia nusu siku mpaka mjane akasema, "Jamani, huyu ana vidole vyote. Wangu alikatwa kimoja na panga." Mji ulicheka mwaka mzima. Mimi nilicheka miwili. Mama hakucheka. Kila Jumapili, akitoka kanisani, alipita kwa makusudi mbele ya lango lile, akatazama pale kibao kilipofutwa, akaenda zake.

Miaka ishirini na minne ilipita hivyo. Mwaka wa 2003, siku ya Jumanne baada ya chakula cha mchana, Shangazi Pomaa alijinyoosha kupumzika na hakuamka. Wakati huo alikuwa mwanamke mkuu wa ukoo wao. Mkuu kama huyo hawezi kulazwa kitandani. Lazima akalishwe, na machifu wamkute wima. Mji mzima ulijua ni mikono ya nani tu ingeweza kumkalisha. Bediako naye alijua.

Alikuja Alhamisi na wazee wawili na chupa ya kijani. Tumbo lilikuwa limekua, kichwa kimebaki na nywele za pembeni. Alisimama uani kati ya ndoo zetu.

"Eno Dufie," alianza, akitumia jina la heshima la wazee.

"Leo mimi si mke wako?" Mama aliuliza. Alikuwa akimenya mihogo na hakuacha.

"Eno, nakuomba. Mama yangu..."

"Nimesikia. Pole. Hicho ulichoshika ni nini?"

Bediako alitazama mkono wake. "Ni... ni chupa, Eno."

"Ahaa. Iweke pale tuione wote."

Wazee waliinamisha macho. Mimi nilingoja awafukuze na maganda ya mihogo. Badala yake alinawa mikono, akasema atamwosha Pomaa, atamvika, atamkalisha, na hataki shukrani yoyote. Sharti lake ni moja tu: jeneza libebwe na watu wake, na mtu asiwaingilie njiani.

"Hilo tu?" Bediako aliuliza, nusura alie kwa furaha.

"Hilo tu, mwanangu."

Walipotoka nililipuka. "Mama, una wazimu? Huyo mwanamke alitutupa kama takataka! Unaenda kumpamba?"

"Birago, paza sauti kidogo, Kumasi hawajasikia." Akarudi kwenye mihogo. "Kesho asubuhi kamwite Ata. Mwambie waje wote sita."

Wiki tatu mfululizo, Pomaa akingoja kwenye barafu ya hospitali, kila asubuhi wale sita walizunguka uani kwetu na jeneza lililojaa mchanga. Niliwaona wakienda mbele, wakirudi nyuma, wakiyumba, wakipiga magoti, wakilenga mlango wa choo cha mjomba na kuugonga kwa ncha ya jeneza. Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa chini kwenye ndoo. Zamani za babu zangu, mtu akifa na neno limebaki, maiti ilibebwa izunguke mji, nayo ilimsukuma yeyote aliyekosa. Serikali ilipiga marufuku kabla Mama hajazaliwa. Lakini hakuna mtu wa Bremankrom, hata mwalimu mkuu, hata mchungaji, ambaye hajui jeneza linalokataa njia linasema nini.

Siku ya mazishi tulianza kazi alfajiri. Tulimwosha Pomaa pamoja, na sisemi uongo, Mama alimwosha kama anavyooshwa mtoto, kila kidole. Tulipofika kwenye kuvika alinituma kwa mkuu wa ukoo kufuata dhahabu. Niliporudi, shangazi yangu alikuwa amekaa kitini, kidevu juu, kente begani. Alipendeza mpaka nikachukia. Kikombe cha bati kilikuwa mezani, kimejaa mpaka ukingoni. Nilimwaga maji nje kwenye maua, nikakisuuza, nikakirudisha kwenye ndoo. Machifu walikuja, wakainama mbele yake, wakamsifu Mama kwa kunong'ona.

Saa sita jeneza lilitoka. Ngoma mbele, wanawake wa nguo nyekundu na nyeusi nyuma, mji mzima barabarani. Kwenye njia panda, makaburini ni kushoto. Watu wa Dufie walipinda kulia.

Ngoma zilienda hatua kumi peke yao, kisha zikanyamaza. Jeneza liliyumba, likarudi nyuma, likaruka mbele tena, Ata akiwa amefumba macho na jasho likimtiririka shingoni. Likaenda moja kwa moja mpaka nyumba ya Baba. Likagonga lango mara tatu. Wanawake wazee walishika vichwa.

"Wageuze!" Bediako alipiga kelele akikimbia. "Ata! Una kichaa? Geuza!"

"Si sisi, bosi," Ata alisema. "Anatuvuta."

Bediako alijisimamisha mbele ya lango na kunyoosha mikono. Jeneza likamwelekea. Alisogea kushoto, likaenda kushoto. Alisogea kulia, likamfuata. Ncha yake ikamgusa kifuani, ikamsukuma taratibu mpaka mgongo wake ukagonga mbao za lango. Mkuu wa ukoo, mzee wa fimbo ya dhahabu, alikuja akasimama kando.

"Yaw," alisema, "mama yako hataki kwenda. Kuna neno. Litoe."

"Hakuna neno! Ni hila za huyu mwanamke!"

Jeneza lilirudi hatua mbili. Likaja tena, si taratibu safari hii. Nyuma yangu mwanamke fulani alianza kulia, "Mwache mama yako apumzike! Litoe, Yaw, litoe!" Wengine wakaitikia, barabara nzima. Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama chini ya mwavuli mweusi, mkoba umebanwa kwapani, uso mkavu kama mtu anayengoja duka lifunguliwe.

Bediako aliteleza chini akapiga magoti. "Chupa," alisema.

"Chupa gani?" mzee aliuliza.

"Ya mjomba. Ya zawadi. Mama yangu aliiona. Aliinywa. Mimi ndiye niliyemwambia akane."

Kisha nikasikia sauti ya Mama, ya kawaida kabisa. "Sijasikia."

"Aliiona chupa!" Bediako alisema akilia. "Aliinywa!"

"Mimi nimesikia sasa. Wa nyuma kule hawajasikia."

Akalisema mara ya tatu kwa sauti ya kupasuka koo, kamasi zikimtoka kama alivyokuwa mtoto, na safari hii hakukuwa na wa kumpangusa. Jeneza likawa jepesi. Wale sita wakaligeuza, ngoma zikaanza, tukaenda kumzika shangazi yangu kwa heshima zote.

Mbele ya watu wale wote wazee hawakuwa na pa kujificha. Kabla mwezi haujaisha, ukoo ulirudisha nyumba, vitanda, na kilichobaki cha gari. Bediako alikuja kuomba kazi ya udereva.

"Gari hilo utapanda," Mama alimwambia. "Mara moja tu, na hutaendesha."

Bediako alihamia kwa binti yake, mbali, na sijamwona tena. Mama akaita fundi wa rangi. Aliagiza TWENEBOAH iandikwe kama ilivyokuwa, na NA MKEWE iandikwe kubwa zaidi, isomeke kutoka njia panda. Nilidhani hapo moyo wake umetua. Watu wengi walidhani hivyo, hata mchungaji, aliyesema kanisani kwamba haki ikipatikana hasira huisha.

Mama aliishi miaka minane mingine. Siku yake ilipofika ilikuwa asubuhi nzuri, dirisha liko wazi, mafundi wanaranda mbao uani. Aliniambia nifunge mlango.

"Birago. Ile siku ya Pomaa, ulikuta kikombe kimejaa?"

"Ndiyo. Nilimwaga maji."

"Ulimwaga. Kilijaa kwa sababu sikukigusa." Alipumzika kidogo. "Nilimwosha vizuri. Uliniona. Nilimvika, nikamkalisha kama malkia. Alikufa usingizini, hakuna aliyempa maji, na wote walijua nitampa mimi. Ulipotoka niliinama sikioni kwake nikamwambia, 'Maji gani? Mimi sikuona maji.'"

Randa za uani ziliendelea. Mwizi wa sokoni alipewa.

"Mama," nilisema, "alishakiri mwanawe. Nyumba tulirudishiwa."

"Hayo yalikuwa ya Yaw. Pomaa nilikuwa na yangu naye."

"Miaka minane, Mama!"

"Mlima ni mrefu. Na koo kavu haliendi haraka." Aligeuza macho kwenye meza. "Nipe kikombe changu."

Nilikileta. Nilichovya kidole kama alivyonifundisha, nikainama kumdondoshea matone matatu. Akanisukuma mkono, na mkono wake ulikuwa bado na nguvu.

"Usinidondoshee. Jaza. Nitampita njiani, nataka aone kidevu changu kimelowa."

Nikakijaza mpaka ukingoni, nikamshika kichwa, akanywa chote.